Sentensi ya Majivu

Garsen, Jumanne, Machi 1998

Nilipaswa kuipigania ile sentensi. Kwenye kijitabu cha hadithi niliandika kwamba asiye na sabuni anawe kwa majivu. Meneja wa kampuni ya sabuni, anayeniajiri niwaandikie watoto, aliifuta. "Sisi hatuuzi majivu." Nikakiacha kichapishwe bila hiyo.

Leo katika kijiji cha Hewani mama mmoja alinishukuru, binti yake amejua kusoma kwa kijitabu changu. "Lakini mwalimu, tangu mafuriko sabuni hatuna, na majivu anayakataa. Anasema hayamo kitabuni. Siku ya tatu hii anaharisha."

Nilichuchumaa kando ya mkeka wa binti, nikamwambia majivu yanafaa, kitabu kimekosea.

Akaweka kidole kwenye jalada, akalisoma jina langu silabi kwa silabi.

"Si wewe uliyekiandika?"

Nikasema ndiyo.