Numéro Nane ya Ngurumo

Siku ya kwanza, tarehe 5, mwezi wa tano

Leo tulimaliza numéro sita. Comité ya bachezaji ba zamani ba Ngurumo, équipe yetu ya mupira, inakutana kila siku ya kwanza, nyuma ya kazi, mu salle ya paroisse. Kila numéro ya maillot, jezi yetu, kuanzia moja mupaka kumi na moja, tunachagua mutu moja tu: ule aliivaa vizuri kupita bote tangu équipe ilizaliwa. Kisha bataitwa ku stade, hapa Butembo, mbele ya batu. Kwa bale balikufa, familia itakuya.

Sita haikuwa nguvu. Tano ndiyo ilikuwa vita, ile juma ilipita. Bamoja balitaka ule tulikuwa tunaita Barrière, bengine balitaka mudogo yake. Barrière akashinda. Mudogo yake akatoka bila kuaga.

Leo, kisha kumaliza sita, président akaruka saba juu Barrière alikuwa bado kufika na iko na maneno mingi juu ya saba. Akasema tufanye nane.

Nane ni mimi. Niliivaa mupaka magoti ikakatala. Règlement inasema, kama banazungumuzia numéro yako unatoka inje. Nikatoka. Nikakaa ku ngazi, nikangoja baniite na makofi. Mulango ikafunguka, président akasema: "Kakule, tutaendelea siku ingine."

Siku ingine juu ya nini? Nani mwengine iko na nane?

Amisi alipita karibu yangu sawa mutu anatafuta choo. Amisi! Kumi yetu. Rafiki yangu tangu tulikuwa batoto tunakimbia kandokando ya piste ya ndege ya Rughenda. Hakuniangalie.

Siku ya tatu, tarehe 7

Boutique yangu. Misumari, mabati, rangi. Président alikuya kununua serrure ya mulango. Alizungumuza juu ya mvua. Ule mutu hazungumuzi mvua hata siku moja. Kuko kitu.

Siku ya tano, tarehe 9

Fuso ya Amisi, gari yake ya mizigo, ilipita mbele ya boutique, inaelekea Beni. Tupu. Hakuna transporteur anaenda Beni na gari tupu, na ile njia vile iko. Mutu anaenda tupu iko na kazi ingine.

Nikamupigia simu. Akasema iko ku garage, hapa Butembo. Nyuma yake nikasikia askari anapiga makelele na Lingala, batu bashuke, batoe makarte yabo. Ni garage gani iko na barrière ya askari mu njia?

Rafiki yangu ananidanganya.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Misa. Radio ilikuwa imetaja numéro zile zilimalizika. Kwa nane balisema comité ingali inafikiri. Kutoka ku kanisa batu bananifuata: "Capitaine, banafikiri nini tena?" Nikasheka. Ndani nilikuwa nawaka.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Saba na tisa zimepita. Nilisema ndiyo kwa yote. Sikusikie hata majina vizuri, nilikuwa naangalia macho ya batu. Kisha balinitoa tena. Safari hii sikukae ku ngazi. Nilisimama karibu na dirisha. Haya gani? Sina haya tena.

Nilisikia jina moja. Muhindo.

Siku ya pili, tarehe 13

Sikulale vizuri.

Muhindo alinitangulia kuvaa nane. Mimi nilikuwa ku banc, nangoja nafasi. Kisha akaenda kucheza Beni, na nane ikakuwa yangu miaka mingi, na brassard ya capitaine ku mukono. Siku alirudi hapa na équipe ya Beni, supporters balimutupia mawe. Balimwita musaliti. Kisha hakukanyaga tena ku stade yetu. Alikufa kwake kule, shambani mu cacao, mu ile mauaji ya kule, yeye pamoja na majirani yake. Mungu amupumuzishe.

Lakini saisons zake na sisi zilikuwa kidogo. Mimi nilibakia. Nilicheza na kidole imevunjika. Nani anatafuta kumufufua leo? Na anapata nini?

Masika, muke yangu, alikuwa na simu mu jikoni. Nilipoingia akaikata. Ni nani? Amisi, anasema, alikuwa anauliza bei ya nyanya. Tangu lini Amisi anapika?

Hata muke yangu.

Siku ya ine, tarehe 15

Nimerudi. Niandike yote mbele ya hasira kuniharibia maneno.

Asubui Fuso ikapita tena, tupu. Nilimwambia Masika naenda Vuhovi kuangalia maharagi. Nikafunga boutique, nikachukua moto, pikipiki, mupaka Beni. Mavumbi, barrière, makarte. Nikaona Fuso imesimama Beu, ndani ya Beni, karibu na soko. Batu ba pale balinionyesha parcelle, nyumba Amisi aliingia, bila kuuliza kitu.

Nilikuwa tayari kumukuta na président. Nilikuwa tayari kwa maneno mubaya.

Nikamukuta Amisi amekaa ku kiti kidogo mbele ya mama muzee anayechambua maharagi mu lungo. Amisi akaniona, akasimama. Mama akainua kichwa. Iko na kovu juu ya jicho.

"Huyu ni nani?" akamuuliza Amisi.

Hakunijue. Miaka yote ile, jina yangu mu kinywa ya Butembo yote, na huyu mama, mama ya Muhindo, hanijue.

"Ni Kakule, mama. Alivaa nane nyuma ya Muhindo."

"Ah." Akarudi ku maharagi. "Mwambie pia yeye. Sitakuya. Ile kovu munaiona, ni jiwe ya Butembo. Nilikuwa nimekaa pale na mafuta ya kupaka miguu ya mutoto yangu. Mulimutupia mawe muzima, sasa munataka kumupigia makofi mufu? Hapana."

Sikuwa najua jiwe ilimufikia mama. Tulikuwa mu kiwanja, makelele mingi.

Inje, karibu na Fuso, nikamushika Amisi shati. Yeye hakukasirike.

"Si président," akasema. "Ni mimi. Mimi njo nilitaja Muhindo."

"Juu ya nini? Nilikukosea nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kwanza mama akubali, kisha nikuambie mimi mwenyewe. Masika ananisukuma kila siku nikuambie. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ungesema tu mimi nilikuwa mubaya."

"Ulikuwa muzuri, Kakule. Muzuri sana. Lakini wakati Muhindo alikuwa na mupira, mimi nilikuwa nakimbia bila kuangalia nyuma. Wakati wewe ulikuwa nayo, nilikuwa naangalia."

Nikapanda moto. Nikarudi Butembo.

Siku ya posho, tarehe 17

Président alipiga simu. Familia ya Muhindo imekatala, na mutu alikufa hawezi kuitwa bila familia. Donc nane ni yangu. Félicitations, capitaine.

Nikasema merci.

Sijue kama Amisi alisema ukweli ama alisema vile juu anione nimeanguka. Wivu pengine. Mu ma photo ya zamani batu bananitaja mimi kwanza, kisha yeye. Na yule mama, pengine bamemulisha maneno. Nawaza mubaya juu ya kila mutu. Najua. Sina namna ya kuacha.

Siku ya kwanza, tarehe 19

Tailleur alinipima kifua juu ya maillot ya sherehe. Nimenona, anasema, tutaongeza kitambaa. Alikuwa anaimba. Alikata nane ya nyeupe mbele yangu, akaiweka ku kifua yangu tuone.

Nikajiangalia mu kioo. Nilingoja furaha. Ikakuya ile inasimamaka ku mulango, haiingie.

Nakumbuka passe zangu. Nilikuwa natoa muzuri, kweli. Kila mara Amisi anageuza shingo. Kila mara. Niliona ile shingo miaka kumi na kitu na sikujiulize juu ya nini.

Siku ya tatu, tarehe 21

Beni tena. Peke yangu. Safari hii nilimwambia Masika ukweli. Akanifungia bugali na sombe ya njiani.

Mama alikuwa pale pale. Hakunipatie kiti.

"Nani anakutuma?"

"Hakuna mutu. Nakuomba ukuye ku stade, mama."

"Amisi aliniambia, nikikatala, ile kitu ni yako. Sasa unakuya kunibembeleza nikubali? Mutu anakuyaka kutupa yake namna hii? Unataka nini kwangu, baba?"

Alikuwa na haki ya kuniogopa. Nami ningejiogopa. Nikasema tu, mama, nilikuwa nakaa ku banc, nilikuwa namuona mutoto yako karibu kupita batu bote. Alikuwa ananipita. Ni hii tu.

Akarudi ku maharagi. Nikafikiri amenifukuza. Nikaendelea kusema. Nikamuelezea match moja ya mvua. Mupira ilikufa mu maji, mbele ya goal yao, sisi bote tukasimama. Muhindo akaiinua na ncha ya kiatu, polepole, sawa mutu anatoa yai chini ya kuku bila kumuamusha. Hakuangalie. Amisi alikuwa ameshaanza kukimbia. Bao. Na mimi ku banc nikapiga makofi mupaka kocha akaniangalia mubaya, juu nilikuwa nangoja nafasi ya ule mutu na nilikuwa namushangilia.

Mama aliacha maharagi.

"Tangu mutoto yangu alikufa, batu banaingiaka hapa kuniambia vile alikufa. Kila mutu iko na yake. Hakuna mutu aliniambia vile alikuwa anacheza." Akanisogezea kiti. "Rudilia ile ya mvua."

Nikarudilia. Kisha nikamuambia ingine. Kisha ile ya corner. Jua ikageuka. Alisheka mara moja, akafunika kinywa na kitenge.

Alisema atakuya. Kwa masharti yake. Hatakaa ku tribune ya bakubwa. Atakaa pale alikaa ile siku. Na hakuna mutu atasema mu micro kwa nafasi yake.

"Na wewe," akasema, "utakaa karibu. Kama jiwe inakuya, ikupate wewe kwanza."

Nikasema ndiyo, mama.

Siku ya ine, tarehe 22

Nilimupigia président simu: mama amekubali, nane ni ya Muhindo. Kisha akauliza kama nina hakika. Nikakata simu mbele nibadilike mawazo.

Tailleur akakasirika. Ile kitambaa aliongeza, ataipunguza tena.

Kwa Amisi nilienda na miguu. Nilimukuta chini ya Fuso, anafunga bulon. Nikainama, nikamuambia mama amekubali, aende kumuchukua siku ya Mungu asubui. Alitoka na mafuta ku uso. Alitaka kusema kitu. Nikamuambia, hapana, usiseme, ungali unaniuma.

Siku ya Mungu, tarehe 25

Alikuya mu cabine ya Fuso, kitenge mupya. Akaenda moja kwa moja pale alikaa zamani, ku upande ya jua. Masika mukono ya kuume, mimi mukono ya kushoto. Niliangalia nyuma yetu kila wakati. Bajeune tu, banakula karanga.

Baliita moja, mbili, mupaka saba. Kisha micro ikataja Muhindo. Kimya ikaingia, nikageuka tena kuangalia nyuma. Kisha muzee moja juu kabisa akaanza kupiga makofi, peke yake, na stade ikamufuata. Mama hakusimame. Balimuletea maillot pale pale. Akaipima na macho, akaikunja ndogo, akaiweka juu ya magoti. Wasingya, asante, akasema na kinande, polepole, kwa ule alimuletea tu.

Kisha tisa, kisha baliita kumi. Amisi akashuka. Nilipiga makofi. Nilipiga na nguvu.

Tulimukaribisha mama kukula kwetu. Alikula vizuri. Jua ilikuwa ingali juu wakati Amisi alimurudisha, juu barrière zinafungwa mapema.

Masika akaniuliza kama inaniuma.

Nikasema ndiyo.

Akanijazia chai. Tukakaa ku mulango, tukaangalia batu banarudi kutoka ku stade.