Aliyepunga Mkono Juu ya Becca Grise

Champlève, 16 Agosti 1931

Mdogo wangu Sidonia,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini Torino hakujakuchosha na kwamba Remo hakohoi tena. Sisi wazima. Mama analalamikia magoti yake, ng'ombe wamepanda malishoni, na mimi bado nakodisha darubini ya hoteli kwa wageni wanaopenda kutazama watu wakihangaika mlimani Becca Grise.

Jana ilikuwa sikukuu ya waongozaji wa wapanda milima. Padre Gaudenzio alibariki kamba na mashoka ya barafu, kisha akafunua jiwe la kumbukumbu ya marehemu mumeo Cassiano. Wameandika kwamba ndiye wa kwanza kuupanda ukuta wa kusini, na kwamba alipofika kileleni aliwapungia watu wake. Mzee Battista alilewa, akawatania Waswisi, ambao ukuta huo uliwashinda siku zote, waliovuka mpaka kuja kutoa heshima: eti miaka thelathini yote nyinyi mlikuwa mnangoja kuletewa ngazi? Walicheka shingo upande.

Barua yako ilisomwa kanisani. Unasema unajifariji kwa mkono ule, kwamba alikuwa na furaha, na mguu ulivunjika baadaye, akiteremka. Watu walilia. Mimi sikulia, na ndiyo maana nakuandikia.

Sidonia, siku ile nilimwona vizuri kwa darubini. Alikuwa ameketi, mguu umepinda vibaya. Alipunga mara sita katika dakika moja, akatulia dakika nzima, akapunga sita tena. Ndivyo baba alivyotufundisha kuomba msaada, kabla hata hatujajua sala. Ilikuwa saa nane mchana, anga safi, na waongozaji saba wako uani wanakunywa divai. Nikageuka nikasema amefika, anatupungia. Kengele zikalia. Wewe ulipoomba kuchungulia, nilikwambia wingu limefunga. Aliendelea kupunga mpaka giza likaingia.

Miaka mitatu alikuwa mchumba wangu, ukamchukua, ukaniambia eti moyo haulazimishwi. Hata hivyo, kengele zilipoanza kulia nilishikwa na hofu. Nilifungua kinywa niseme kweli. Muda ulikuwa bado upo, wangemfikia. Ndipo uliponikumbatia ukicheka, ukasema, "Dada, unaona? Ananipungia mimi!"

Nikafunga kinywa.

Mbusu Remo. Mwambie mama yake mkubwa anamkumbuka sana, hasa kwa vile amefanana na baba yake.

Dada yako,
Delfina