Mhandisi Aliyesema Hajui

Marahaba, mjukuu wangu Neema.

Hapa Madale hatujambo. Goti la babu yako limepata nafuu. Unauliza kama useme chochote kwenye mkutano wa kupinga kinu cha nyuklia huko uliko, ilhali hukusoma fizikia.

Nilipokuwa msichana, walitaka kujenga mtambo wa umeme wa mafuta jirani na kisima chetu. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, nikauliza, "Maji machafu yatakwenda wapi?"

Watu wakacheka. Mhandisi wao akapekua makaratasi yake, kisha akasema taratibu, "Dada, sijui."

Kicheko kikaisha. Tukakataa kuweka saini ya kukubali mtambo mpaka ajue. Hakurudi, na mtambo haukujengwa.

Basi nenda kaulize. Mie yule mhandisi namheshimu mpaka leo, maana angeweza kutudanganya, na tungemwamini.

Akupendaye,
Bibi