Chupa Niliyoifungulia Sikioni mwa Fundi Cherehani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Misumari, ndilo wanaloniitia mtaani.
Umri: miaka sabini na mbili.
Kazi: fundi viatu.
Makazi: nyuma ya soko, chumba cha mwisho.

Mtaani kwetu hakuna anayeujua mvinyo kunishinda. Afande ameniangalia, basi nasema kweli: sikuwahi kuuonja, na duka la vinywaji niliingia jana kwa mara ya kwanza.

Mnamo tarehe kumi na nne, yaani hiyo jana, asubuhi, nilikwenda kumnunulia zawadi rafiki yangu fundi cherehani, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa anatimiza miaka sabini. Amewashonea suti mabwana harusi wa nusu ya mji, na siku zote alinilalamikia, "Misumari, vizibo vya shampeni vinawalilia wengine tu."

Dada wa dukani akaniuliza, "Babu, unataka mkavu au mtamu?"

"Mkavu? Kwani umeanikwa?"

Akacheka. Akasema hiyo si shampeni hasa, ni mvinyo wa povu, ila unalia vilevile. Nikazipanga chupa mezani, nikachagua ile ambayo karatasi yake imebandikwa bila kupinda. Rafiki yangu akiona kitu kimepinda hapati usingizi.

Nilifika dukani kwake saa nne. Alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani. Afande, hili liandike vizuri: ndivyo alivyonifanyia miaka yote. Akiniona naja na kazi, anajifanya maiti mpaka nimtekenye. Nikamwambia, "Kufa tu, utafufuka sasa hivi." Nikaifungulia chupa sikioni mwake.

Kizibo kikalia, kikapasua kioo cha wateja. Yeye hakushtuka.

Nikamimina vikombe viwili. Changu nikanywa, kichungu. Nikamngoja acheke. Nilipomshika mkono, ulikuwa baridi kuliko chupa.

Ndipo akaingia mke wa mwanawe na chai. Akaona, akapiga yowe, akatoka mbio. Majirani walisikia mlio kama wa bunduki, wakamwona mtoto wa watu anakimbia, wakasema kamuua baba mkwe. Hakumgusa. Mlio ni wangu, kioo ni changu, na kama chupa ilikuwa na sumu, mbona mimi bado nawasumbua hapa? Mwachieni. Msiba uko kwake.

Afande ameniuliza mbona silii. Sijui. Mwili mzima umekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya.

Niliyoyaona yameishia hapo, sina mengine ila moja. Duka lake mmelifunga, na chini ya sindano kuna suruali yangu nyeusi. Tulipatana anipunguzie urefu, nami nimletee chupa. Chupa nilileta. Mguu mmoja kamaliza, wa pili bado. Nipeni niivae kesho makaburini hivyo hivyo, na asiimalizie fundi mwingine.

Sahihi: Misumari

Maoni ya afisa: Nimemsomea, amekubali kuwa ni yake. Aliomba sentensi ya kwanza ifutwe, nimeiacha. Mke wa mtoto wa marehemu ameruhusiwa kwenda nyumbani. Suruali amekabidhiwa kama ilivyokutwa.