Kaptula Mpya kwa Darasa Lilelile

Mandewa,
Singida.
Jumapili, 5 Machi 2023.

Mpendwa Shangazi Kudra,

Assalaam alaykum na shikamoo. Barua hii ikukute ukiwa mzima, na lile goti lako liwe limekubali kupanda ngazi bila kunung'unika. Vipi joto la Tanga? Mjomba Luqmani hajambo? Na mtoto wa binamu Zabibu ameshaota meno, au bado anatafuna ufizi mtupu kama alivyokuwa kwenye ile picha?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua zinasuasua lakini alizeti zimechanua, ukitoka nje ya mji ni njano mpaka macho yanauma. Yule kuku uliyepewa zawadi ukashindwa kupanda naye basi ametotoa. Mama amekataa asichinjwe, anasema ni amana yako.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu tunayotumia ni ya Mama, na Mama huongea akiwa ameweka spika, hata jirani anachangia mazungumzo. Hata isingekuwa spika, maneno hunikwama kooni nikitaka kusema jambo zito. Kwenye karatasi hayakwami. Nimekasirika, Shangazi, na sijui kukasirika kwa sauti.

Jambo lenyewe ni mdogo wangu Rahimu.

Ulisikia kwamba hakufaulu upimaji wa darasa la nne. Matokeo yalitoka Januari na ikabidi arudie darasa. Yeye si mjinga. Ukimtajia hesabu kwa mdomo anakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kinachomshinda ni kusoma kwa haraka. Herufi anazijua, ila anazifuata moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kengele inalia yeye bado yuko katikati. Mwalimu wake alimwambia Mama kwamba akisaidiwa mwaka huu atavuka. Sisi tulimsaidiaje? Ngoja nikueleze.

Unajua desturi ya Baba. Kila Januari, mtoto aliyepanda darasa anaitwa dukani, Baba anashusha jora la kitambaa cha sare kutoka rafu ya juu, anatupima kwa futi mbele ya wateja na kusema, "Huyu kaingia kidato fulani." Wateja wanasema mashaallah. Fundi anachukua kitambaa. Tangu nikiwa darasa la kwanza nimeipenda siku hiyo kuliko hata Idi, na ulinicheka kwa hilo.

Mwaka huu nimepimwa mimi, nimeingia kidato cha tatu. Rahimu hakupimwa. Alikuja, akanawa miguu, akasimama kwenye foleni nyuma yangu. Baba akamwambia, "Wewe shika hiyo futi. Sare mpya kwa darasa lilelile ya nini? Ile ya mwaka jana inalijua darasa hilo vizuri." Wateja wakacheka. Alishika futi mpaka nilipomaliza kupimwa, hakuiachia.

Miguu haikusubiri afaulu, Shangazi. Mwaka mmoja umemrefusha. Kaptula inambana mapajani, kifungo kilikatika, akawa anaifunga kwa kamba ya katani na kuchomoa shati ili kamba isionekane. Watoto wa darasani kwake, ambao mwaka jana walikuwa wa tatu, wakimwona anaingia wanasimama wote na kumwamkia, "Shikamoo, babu!" Wanamsubiri mpaka aitikie. Asipoitikia wanasema babu hana adabu.

Nyumbani nako kila mtu anamwambia, "Usikate tamaa." Mama anasema, "Vumilia, mwanangu." Juu ya droo ya pesa dukani kwa Baba pamebandikwa karatasi imeandikwa mvumilivu hula mbivu. Nimeisoma miaka yote bila kuifikiria. Sasa nikiitazama napandwa na hasira, maana tunamwambia mtoto avumilie huku sisi wenyewe ndio tunaomkaba. Nani aliyesema uvumilivu lazima uvaliwe kaptula inayobana?

Basi nikazungumza na Eliana. Sijui kama unamkumbuka, ni yule rafiki yangu mwenye sauti, mama yake anauza vitunguu sokoni. Nilikuwa na zile pesa ulizonipa ulipokuja. Nilizitunza ninunue kamusi, lakini kamusi ya shule inatosha. Eliana akaniambia, "Twende gulio la Mtinko na Mama. Mjini watakunyonya."

Jumamosi tulipanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na magunia matupu ya vitunguu. Njiani Eliana alinifundisha. Usivae vizuri. Usishike kitu unachokitaka, shika cha pembeni yake ukibeze. Na usiende asubuhi. Nenda wauzaji wakishaanza kutazama jua, maana mwenye mtumba hapendi kufunga tena belo alilokwisha kulifungua.

Tulizunguka mpaka miguu ikauma. Kwenye rundo la mwisho Eliana alichomoa kaptula ya bluu, nene, haijapauka hata kidogo. Akaikunjia uso kana kwamba inanuka.

"Kaka, hii ya nani aliyekufa?"

"Dada, hiyo gredi ya kwanza hiyo. Itazame vizuri."

"Nimeitazama. Zipu inacheka."

"Zipu ni kazi ya fundi."

"Basi fundi ndiye angepaswa kuiuza, bei ingekuwa ya chini."

Yule kijana akataja bei, na mimi, Shangazi, kwa woga wangu nikasema, "Hiyo nzuri tu, kaka, asante." Eliana alinifinya hadi leo pana alama. Kijana akacheka, "Mwenzio msomi huyo, mwache anunue!" Eliana akamjibu, "Msomi ndiye anakufa njaa. Toa shati moja juu yake." Wakavutana, na mwisho tukaondoka na kaptula na mashati mawili meupe yenye nembo ya shule ya nchi sijui gani, ndege mwenye taji. Wakati wa kurudi Eliana aliifumua ile nembo kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na kirikuu kinaruka kwenye makorongo hakuchana hata sehemu ndogo.

Rahimu alipoivaa hakusema asante. Alikaa chini, akasimama, akakaa tena, akachuchumaa. Alikuwa anahakikisha kwamba inakubali. Halafu akaenda nje kucheza. Tangu Januari alikuwa hajacheza.

Sasa kosa letu. Nalikubali kuwa ni kosa, ila si kwa jinsi Baba anavyolisema. Mzee Mazengo, yule mteja wa Baba mwenye watoto wengi wanaosoma, alituona Mtinko tukichakura lile rundo. Jumatatu akaenda dukani, akamwambia Baba mbele ya watu, "Sisi unatuuzia sare za jora, kumbe mwanao unamtuma mtumbani! Basi nawe tuelekeze huko."

Ni kweli, sikuwaza. Nimezaliwa katikati ya majora ya kitambaa cha sare, nikaenda kununua sare ya mdogo wangu chini kwenye turubai. Kwa mtu wa duka hiyo ni kama imamu kuonekana akiuliza kibla kiko wapi. Ningekuwa na akili ya biashara ningeenda na Eliana peke yake anunue, mimi nijifiche kwenye magunia. Lakini kama mtu alipaswa kuona aibu siku ile, alikuwa mimi tu?

Baba alirudi nyumbani alasiri, jambo ambalo halifanyi. Alisema mambo mawili. La kwanza, nimemdhalilisha, na nisiandamane tena na Eliana. La pili, nimempa Rahimu zawadi ya kufeli. Akamwambia aivue. Aliivua palepale sebuleni, Shangazi, akabaki na shati. Baba akaifungia kaptula kwenye kabati lake la nguo na kusema itatoka siku akipanda darasa. Siku akipanda itakuwa haimtoshi! Mtu anayepima watu kila siku hajui hilo?

Mama alikusanya vyombo akaenda jikoni. Simlaumu sana, lakini namlaumu.

Ijumaa ile alikuja mgeni baada ya swala, mfanyabiashara wa Itigi. Baba akatutambulisha. Mimi kidato cha tatu. Rahimu, ambaye alikuwa anamnawisha mgeni mikono, akatambulishwa hivi: "Na huyu bado anaitazama tazama shule." Mgeni akacheka kwa adabu. Rahimu akamimina maji mpaka yakaisha kwenye birika, akaliweka chini taratibu, akatoka.

Jumatatu iliyofuata alivaa ile ya kamba, akaaga, na shuleni hakufika. Mama yake Eliana ndiye aliyemwona sokoni nyuma ya magunia, anachambua vitunguu vya mtu mwingine apewe chakula. Alipomuuliza alijibu, "Mimi nimeshamaliza shule." Amesema hivyo mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mama yule alimpa uji, akamleta nyumbani kwa mkono wake, akamkabidhi kwangu bila kwenda dukani kumpa Baba jambo jingine la kuonea aibu. Na huyo ndiye mama wa rafiki niliyekatazwa.

Siku hiyo nilifanya jambo ambalo hutaliamini. Nilikwenda dukani, na Mzee Mazengo alikuwepo, tena amekaa kwenye kiti cha wateja. Nikasema, "Baba, vile vitenge vilivyorudi kutoka Mtinko bila kununuliwa hukuvitupa. Ulivipeleka gulio la Kinyangiri vikaisha. Hukusema ni vibovu. Hata ulivikunja upya." Sauti ilinitetemeka lakini nilifika mwisho wa sentensi.

Mzee Mazengo akapiga paja, "Ehe! Mjibu mtoto huyo."

Baba akasema, "Mtoto si kitambaa. Nenda nyumbani."

Nikaenda. Jibu lilinijia nilipokuwa nafungua geti: kama mtoto si kitambaa, basi mbona kitambaa ndicho kinachopewa nafasi ya pili? Lakini majibu yangu ndivyo yalivyo, hufika nyumbani kabla hayajafika mdomoni.

Jioni ya siku hiyo Baba alitamka kwamba tukimaliza Ramadhani, kama Rahimu bado ana tabia ya kutoroka, ataacha shule akae dukani ajifunze kazi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemfanyia mwenzake wema, na hilo ndilo linalonitisha. Rahimu alisikia. Akasema tu, "Sawa, Baba." Angelia ningepata nafuu.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye dada mkubwa wa Baba, na nyumba hii nzima hakuna anayeweza kumwambia "hapana" akakaa kimya isipokuwa wewe. Nakumbuka ulivyomkataza kuuza kiwanja cha Bibi, ulisema mara moja tu. Naomba umpigie kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Sikuombi pesa wala sare nyingine. Naomba mambo mawili: ile kaptula itoke kabatini Rahimu aivae sasa, na asitolewe shule kabla hajafanya upimaji wa mwaka huu. Akishindwa tena akiwa amesaidiwa, tutajua tumeshindwa pamoja naye. Sasa hivi ameshindwa peke yake, na sisi tunamtazama tukisema usikate tamaa.

Ukizungumza na Baba usimfiche. Mwambie ni mimi niliyekuandikia. Atakasirika, lakini afadhali akasirikie mtu anayejulikana kuliko kumtafuta mchawi miongoni mwa majirani. Na mwambie Eliana hana kosa isipokuwa kujua bei za vitu.

Tangu Jumanne nampeleka Rahimu mwenyewe mpaka mlangoni pa darasa lake, kisha nakimbia kwangu. Nimechelewa nikafagia uwanja, si neno. Wale watoto walipotaka kumwamkia walinikuta nimesimama pale na sare ya sekondari, wakanisalimia mimi. Alasiri tunasoma pamoja kitabu chake cha Kiswahili. Sitamwambia aharakishe. Kila mtu ameshamwambia hivyo.

Jana alimaliza ukurasa mzima, wenye picha ya ng'ombe na mama anayekama. Ulimchukua muda mrefu hadi vivuli vikahamia upande wa pili wa ua, lakini hakuruka neno, na hakunitazama usoni kuomba msaada. Alipofika mwisho aliweka kidole chini ya nukta, akaniuliza, "Dada, hata mtu akisoma polepole hivi, inahesabika?"

Nimemwambia inahesabika. Shangazi, usikubali niwe nimemdanganya.

Wasalimie Mjomba Luqmani na binamu Zabibu, umbusu mtoto wake kwa niaba yangu. Mwambie Bibi Hana jirani yako kwamba ule ubuyu aliotutumia uliisha siku ileile. Mama anakusalimu sana, hajui nimeandika nini lakini ameona naandika na hajaniuliza. Barua hii naituma kwa mkono wa kaka yake Eliana, Elisha, anayesafiri kesho kuja huko, hivyo ukimwona mlangoni mpe maji ya baridi.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya goti na nguvu ya neno, na akufikishe Ramadhani ukiwa na amani na sisi sote.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye na anayekutegemea,

Hanifa