Aliyepiga Sakafu

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Asiye mzima ni mwanafunzi wako, fundi cherehani. Kifundo cha mkono wake wa mkasi kiko kwenye plasta, na daktari anasema huenda asikate kitambaa tena kama zamani. Alipiga sakafu, kila mtu akasikia, wewe ukaendelea kumkunja. Kwenye hapkido, sanaa yetu hii ya kujihami, mwenzako akipiga sakafu unaachia papo hapo. Umelifundisha hilo miaka mingi.

Hufundishi tena hapa mpaka uje umpe mkono wako aukunje yeye, mbele ya darasa. Ndivyo alivyotuzoesha mwalimu wetu.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo naitoa kwa sababu mama alinifunza adabu, si kwa kuwa unaistahili. Afya yangu isikuhusu.

Mwanafunzi wangu anipigishe magoti mbele za watu? Thubutu. Kila siku unatuimbia: usishindane na nguvu, izungushe, tiririka kama maji. Haya, bibi maji, tuone utatiririkia wapi. Magodoro ya mazoezi nilinunua mimi. Jumamosi naja na gari kuyachukua, na atakayenizuia atanitambua.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Hakuna wa kukuzuia. Magodoro nimeyafunga kamba, yako mlangoni. Wewe tangu utotoni unasukuma mlango wa kuvuta, halafu unaulaumu mlango. Sharti langu liko palepale.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hali sikuulizi, jana nimekuona umenawiri kwa kunidharau.

Magodoro yamejaa sebuleni, mke wangu anayaruka akienda jikoni, kanuna. Wanafunzi niliodhani watanifuata wanaangukia saruji kwako. Ndiyo maana nilikuja, usidhani ni moyo mwema.

Na wewe ulijua. Tangu ulipoyafunga kamba ulijua kwamba siku nikija kutoa mkono, chini yangu kutakuwa na saruji tupu niliyoivua mwenyewe. Fundi alinishika, akageuka vilevile nilivyomfundisha, nikapiga magoti. Nikapiga sakafu. Akaachia hapohapo. Wote mlingoja aniangushe, hata mimi nilingoja. Mkono wake bado unatetemeka, dada. Niliusikia juu ya wangu.

Nilikuchukia njia nzima hadi nyumbani. Leo alfajiri magodoro nimeyarudisha, nimeyaacha mlangoni kwako. Kwa fundi sina neno la kumtuma mtu, nikilipata nitalipeleka mwenyewe.

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Magodoro nimeyaona, umeyafunga hovyo, moja limechanika.

Mimi bado nina hasira nawe, na msamaha si wangu kuutoa. Ila fundi anauliza Jumamosi unakuja saa ngapi. Anataka wa kufanya naye mazoezi. Wenzake wanamwonea huruma, wanaanguka kabla hajawashika.

Dada yako