Mgeni Kapuliza Yidaki ya Mjomba

Mätjarra, uko wapi? Shoga, leo nimeumbuka!

Yule mgeni Mjerumani, Lukas, kaiona yidaki ya mjomba Buwathay, lile baragumu lake refu la mti, kaniuliza kama anaweza kuipuliza. Nikamwambia, "Puliza tu." Mimi! Puliza tu!

Kaipuliza vizuri ajabu. Kumbe mdundo wenyewe kajifunzia kwenye simu, na ni wa mazishi ya ukoo wetu! Bibi zetu wakaanza kulia.

Mjomba akauliza, "Nani kakuruhusu?"

Lukas akajibu, "Nimeichukua mwenyewe." Ananificha, jamani! Ikabidi niseme, "Ni mimi, mjomba. Aliniuliza, nikamruhusu."

Mjomba akanigeukia: "Huyu ni mgeni, hajui, na aliuliza. Wewe je?"



Kesho mjomba anampeleka Lukas porini kutafuta mti uliotobolewa na mchwa, amchongee yidaki yake na amfundishe midundo ambayo wageni wanaruhusiwa. Mbeba magogo ni mimi!